Kidari cha Dada

4 Februari

Shemeji,

Salamu nyingi. Najua umeshautambua mwandiko wangu juu ya bahasha, na kama umeifungua badala ya kuitupa, nashukuru. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwanao, huyu binti yangu, amemaliza mafunzo ya ukunga. Amepangiwa kazi kwenye zahanati moja ya mbali na ataondoka katikati ya Aprili. Nilimwuliza anataka nimwandalie nini kabla hajaondoka. Nilidhani atasema viatu, au sanduku jipya, maana la zamani kufuli yake inafunguka ikijisikia. Akasema anataka kidari cha ng'ombe kama alivyokuwa anapika mama yake, kile cha rojo tamu la matunda juu. Akasema na chakula kingine chochote nisihangaike.

Mimi mtu wa saa, Shemeji. Naweza kuifungua saa ya mkononi ya mwanamke na kuirudisha bila kupoteza skrubu moja, lakini jikoni mambo yangu unayajua. Nimewauliza majirani, kila mmoja ana lake. Dada yako hakuandika popote. Alijifunza kwa mama yenu, na wewe ulijifunza kwake, kwa hiyo umebaki wewe tu.

Nakuomba uniandikie namna ya kupika. Sikuombi lingine. Msalimie mtoto, na baba yake akirudi safari.

Shemeji yako,
Fundi Saa


13 Februari

Fundi Saa,

Nakujibu kwa ajili ya mwanangu, tuelewane hapo.

Nenda kwa muuza nyama asubuhi, kabla hajaanza kuuza mabaki. Mwambie unataka kidari, kilo tatu, kipande kimoja, na asikuondolee mafuta yote ya juu. Abakize unene wa kidole chako kidogo. Akikuambia mafuta hayana faida, nenda kwa mwingine.

Siku moja kabla, paka chumvi na pilipili manga pande zote, funika, weka mahali pa baridi. Siku ya kupika chukua sufuria nzito, ipate moto sawasawa, weka nyama bila maji mpaka igeuke rangi ya kahawia kila upande. Itoe. Kaanga vitunguu vinne humo humo, weka tangawizi na kitunguu saumu, rudisha nyama, mafuta yake yakiangalia juu. Mimina maji yasizidi nusu ya nyama. Funika vizuri, moto mdogo kabisa. Usiwe unafunua funua.

Rojo: maembe mawili yaliyoiva, yaponde. Maji ya machungwa manne. Sukari guru kiasi cha kiganja, siki vijiko viwili, chumvi kidogo. Chemsha taratibu mpaka lishike kwenye mgongo wa kijiko. Nyama ikishalainika, ipake, iingize kwenye oveni, ipake tena.

Ndivyo alivyokuwa akifanya. Hapa chuoni nawapikia wanafunzi mia nne na sijawahi kuwapikia hiki.

Umeniomba jambo moja na mimi nitakukumbusha jambo moja. Siku ile nilipokupigia simu nikiwa kitandani, nikakuuliza mbona dada hapokei, ukaniambia simu yake imeharibika na yeye yuko kwenye harusi ya jirani. Nimekuja kuhesabu baadaye. Dada yangu alikuwa kaburini siku ya tatu. Alinilea mimi tangu nina miaka minane, Fundi, na hukunipa hata nafasi ya kumtupia udongo. Miaka miwili na nusu nalala na harusi hiyo.

Msalimie mwanangu. Mwambie nimefurahi kwa ukunga wake.

Mama Kadogo


24 Februari

Shemeji,

Nimepata barua yako na nimeisoma yote, mpaka mwisho wake.

Kuhusu nyama, nilifanya jaribio Jumapili, kipande kidogo, ili nisije nikaaibika siku yenyewe. Hukuandika saa ngapi, nikaona nyama laini haiwezi kuzidi saa tatu. Nikaiweka jikoni saa nne kamili na saa saba kamili nikaiepua. Shemeji, ningeweza kuifanya soli ya kiatu. Mwanao alitafuna, akanywa maji, akatafuna tena, halafu akasema, "Baba, ladha ipo." Nikajua hali ni mbaya.

Rojo nalo lilishika rangi nyeusi kwa sababu nililipaka mapema nikidhani litaingia ndani. Lakini lilipokuwa linachemka nyumba nzima ilinukia embe, na mimi nikatoka nje kidogo. Ile miezi mitano ya mwisho tulikuwa tunamkamulia maembe asubuhi na jioni, maana hakuna kingine kilichokuwa kinapita kooni. Sijanusa embe likiwa jikoni tangu wakati huo.

Nieleze nilipokosea, na nipike kwa saa ngapi. Zimebaki wiki saba.

Shemeji yako,
Fundi Saa


3 Machi

Fundi Saa,

Miezi mitano.

Nimeisoma mara nne nikidhani macho yangu yananidanganya. Uliniambia aliugua ghafla. Ulisema siku tatu, homa, hospitali, basi. Nilikaa na siku tatu hizo nikajiambia labda kweli hakukuwa na muda, labda ulichanganyikiwa, mwanaume na msiba. Kila nilipotaka kukuchukia kabisa nilikumbuka siku tatu zako nikapunguza.

Kumbe ilikuwa miezi mitano, na katika miezi hiyo mimi na dada tulikuwa tunaongea kwenye simu kila Jumamosi. Ulikuwa umekaa pembeni unasikiliza? Ulikuwa unamzuia? Nijue tu, maana sauti yake ilikuwa nzima, na mimi mjinga nilikuwa namlalamikia kuchoka kulala.

Usiniandikie kuhusu nyama. Usiniandikie tena.

Mama Kadogo


10 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi mwanao, mkunga wako mpya. Baba hajui kama nakuandikia. Barua yako aliisoma akiwa kwenye meza yake ya kazi, akaikunja, akaiweka chini ya kioo cha meza, kisha akaendelea na saa iliyokuwa mbele yake. Siku nzima hakuitengeneza hiyo saa moja. Nilimwuliza akasema, "Mama yako mdogo ana haki." Nikaichukua nikaisoma. Unisamehe kwa hilo.

Baba hakumzuia mama. Mama ndiye aliyetuzuia sisi.

Siku daktari alipotuambia uvimbe umeshafika kwenye ini, mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda. Wewe ulikuwa na mimba ya miezi minne, na siku ileile ulikuwa umempigia mama ukamwambia madaktari wamekuamuru ulale mpaka ujifungue. Mimba zako tatu za kwanza zilikuwa zimeharibika. Mama alisubiri daktari atoke. Akasema, "Asiambiwe. Akisikia atainuka kitandani aje, namjua. Mpaka ajifungue salama." Baba alibisha. Walibishana siku mbili, wao ambao sijawahi kuwasikia wakipandishiana sauti. Mwishowe mama akalia, na baba akakubali. Tuliapa wote wawili.

Hizo simu za Jumamosi, Mama mdogo. Alikuwa anaanza kujiandaa saa nzima kabla. Anakunywa maji, tunamwegemeza mito miwili mgongoni, anajaribu sauti kwanza kwa kuniita mimi kutoka chumbani. "Inasikikaje?" ananiuliza. Nikisema inasikika ya mgonjwa, anakunywa maji tena. Ndipo anakupigia. Akimaliza analala mpaka jioni. Na hakuwa anaumizwa na malalamiko yako. Alikuwa anacheka baada ya kukata simu. Alisema bora ulalamike, mtu anayelalamika kuchoka kulala ndiye anayelala kweli.

Ulipojifungua nilimwambia baba sasa tuseme ukweli wote. Akakataa. Akasema, "Tukimwambia aliumwa miezi mitano, atahesabu, na akihesabu atakutana na mimba yake. Atakuwa anamwangalia yule mtoto na kuona msiba." Nikamwambia, basi atakuchukia wewe. Akasema, "Bora anichukie mimi, mimi ni mtu wa kuja. Yule ni dada yake." Hata baba mdogo hakumwambia, kwa sababu alisema uso wa baba mdogo hauwezi kuficha kitu.

Nimekaa na kiapo hiki tangu nina miaka kumi na saba. Sasa nimesomea kazi hii, nimeona wanawake waliolazwa kama wewe, na wengine nimeona wanachopoteza wakiinuka. Ningekuwa zamu siku ile ningesema kama alivyosema mama. Lakini pia nimemwona baba akishika simu kila sikukuu, inaita, haipokelewi, anairudisha mezani. Kwa hiyo nimevunja kiapo. Nimemwomba mama radhi kwanza, ndipo nikaanza kuandika.

Kama utanikasirikia mimi, nitaelewa. Usimkasirikie baba tena.

Mwanao,
Mkunga


22 Machi

Shemeji,

Mwanao ameniandikia. Usimgombeze. Kama ungekuwa na nusu ya ujasiri wake tusingefika hapa.

Barua yake ilinikuta kazini, nikaisoma nimesimama stoo katikati ya magunia ya mchele. Msaidizi wangu alikuja kuchukua chumvi, akaniona, akaondoka bila chumvi. Siku hiyo wanafunzi mia nne walikula maharage ambayo hayakukolea, na hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Nimekaa siku kadhaa nikitafuta la kukuandikia. Nimeandika mara tatu nikachana. Sasa nitasema kama linavyokuja.

Wewe nimekusamehe. Sikuhitaji hata kufikiri. Nilipofika pale kwenye "mtu wa kuja" ilikuwa imeshakwisha. Umekaa nyumbani kwetu miaka ishirini na mbili, umemzika mama yetu, umeniozesha mimi kwa mikono yako. Wewe mtu wa kuja kutoka wapi?

Dada ndiye sijamsamehe bado. Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Alinilea, na mwishoni akanifanya mtoto tena. Aliamua peke yake kwamba mimi siwezi kujua na kubaki nimelala. Labda nisingeweza. Labda ningeinuka kweli. Namwangalia Kadogo anavyopanda juu ya meza na kushuka na kupanda, nasema asante dada, halafu papo hapo nasema dada ulinidhulumu. Vyote viwili vinakaa ndani yangu mchana kutwa na hakuna kinachomfukuza mwenzake.

Nina swali moja. Sitauliza jingine. Siku ya mwisho, alisema lolote kuhusu mimi? Hata kama ni dogo. Hata kama ni baya.

Kuhusu nyama: uliiepua katikati. Kidari kina nyuzi ngumu. Kikiiva nusu hukaza kuliko kilivyokuwa kibichi, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa na kuzima moto. Ungekiacha saa mbili zaidi kingelegea chenyewe. Na usipike kwa saa, hata kama saa ndiyo kazi yako. Chomeka uma, uzungushe. Ukizunguka bila ubishi, basi. Kiache kipoe kidogo ndani ya mchuzi wake, kata kwa kukatiza nyuzi, siyo kuzifuata. Rojo hupakwa mwishoni kabisa, maana sukari haina subira.

Lakini usikipike. Niacheni nije. Nimeomba ruhusa kazini, nitafika tarehe tisa Aprili na mtoto. Nitapika mimi, wewe utaponda maembe.

Shemeji yako,
Mama Kadogo


29 Machi

Shemeji,

Nimekujibu siku ileile barua ilipofika, kwa sababu nataka ulijue hili kabla hujaingia nyumbani. Mdomoni halitatoka. Nimelijaribu mbele ya kioo nikashindwa.

Ungemwuliza mwanao asingejua. Alikuwa amekwenda nyumbani kubadilisha nguo. Tulikuwa wawili tu, mimi na dada yako. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limeingia mpaka katikati ya wodi. Siku mbili alikuwa hajasema neno la kueleweka. Muuguzi alikuwa ameniambia kwamba ameshachoka mno, ila kuna kitu anakishikilia, na kama nakijua nimsaidie akiachie. Nilikuwa nakijua.

Akafumbua macho, akaniuliza, "Mdogo wangu ameshajifungua?"

Ulikuwa bado, Shemeji. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kwa hesabu ya madaktari wako.

Nikamwambia, "Ndiyo. Leo alfajiri."

Akauliza, "Nini?"

Nikasema, "Wa kike." Sikuwa na habari yoyote. Ningeweza kusema wa kiume. Nilisema wa kike kwa sababu ndivyo mdomo ulivyotoka.

Akauliza, "Analia vizuri?" Nikamwambia analia mpaka wodi ya pili wanalalamika. Akacheka, siyo cheko la sauti, la pua tu. Akasema, "Mwambie asimzoeshe mgongoni." Kisha akalala, na hakuamka tena. Ilikuwa kabla ya saa nane.

Hiyo ndiyo kauli yake kuhusu wewe. Nimekaa nayo miaka miwili na nusu.

Wanawake waliponijia kuhusu mazishi, nilikuwa nawaza jambo moja tu: nimemdanganya mtu anayekufa, na bado uongo wangu unaweza kugeuka vibaya. Kama ungempoteza na huyu, ningekuwa nimemzika mke wangu na furaha ya uongo mkononi. Siku tisa, Shemeji. Siku ya tatu ulinipigia, ukauliza dada yuko wapi. Mtaa wa pili kulikuwa na harusi kweli, ngoma zinasikika. Nikasema lile nililosema. Ningekuambia nini kingine?

Siku ya tisa mumeo akapiga simu. Akasema, "Shemeji, tumepata mtoto wa kike, wote wazima." Nilikuwa dukani. Nilikaa chini sakafuni, kati ya meza na ukuta. Mteja mmoja akaingia akadhani nimeanguka. Nilimwambia nimedondosha skrubu naitafuta.

Nilisubiri siku nne zaidi upate nguvu, kisha nikakupa habari ya msiba. Nikasema homa ya siku tatu. Mengine unayajua.

Unasema hujamsamehe dada yako. Na mimi nilimkasirikia mwaka mzima. Aliniachia kazi ya kukuumiza, akaenda. Nilikuwa nikifika kaburini nazungumza naye kama mtu anayedai haki ofisini. Sikuwa naomba dua wala nini, nagomba tu. Kisha siku moja nikaona nimeishiwa maneno, nikapalilia majani nikarudi nyumbani. Nadhani na wewe utafika hapo. Usijiharakishe.

Njooni salama. Maembe nimeshayaagiza.

Shemeji yako,
Fundi Saa


19 Aprili

Shemeji,

Tumefika salama jana mchana. Kadogo amelala njia nzima, akaamka tulipobakiza kituo kimoja, akaanza kuuliza baba mkubwa yuko wapi na kwa nini tumemwacha.

Mwanao ameshaniandikia kwa simu kutoka huko zahanati. Chumba chake kina dirisha linalotazama jiko la wagonjwa, na sanduku limefunguka njiani kama kawaida. Jana amezalisha mtoto wake wa kwanza akiwa peke yake. Anasema kila kitu kilipokwisha alirudi chumbani akakaa juu ya hilo sanduku.

Naandika kwa sababu pale kwako sikusema mengi. Ulidhani nina hasira, nikaona unavyonikwepa jikoni na kisu chako cha maembe. Sikuwa na hasira. Nilikuwa naogopa nikifungua mdomo sitaufunga. Ile siku mwanao aliposema, "Siyo kama cha mama, ila ni kizuri," na akaongeza sahani, nilikutazama na wewe ukanitazama, tukajua kwamba kweli siyo kama cha dada. Nimepika miaka yote hii nikiamini nimeshika mkono wake. Kuna kitu alikuwa anaweka na hakuniambia. Mwacheni nacho.

Kaburini ulinipa nafasi ukaenda kusimama getini na mtoto. Nashukuru. Nilichukua udongo kwenye ukingo, nikautupa. Nikamgombeza kama robo saa hivi. Nikamwambia na mambo ya Kadogo, kwamba simzoeshi mgongoni lakini baba yake anamharibu. Sijamaliza, nitarudi. Mwezi wa nane chuo kikifungwa nitakuja tena, ukitaka usitake.

Kitu kilichonifanya nikae niandike ni hiki. Jana kwenye basi, tulipokuwa tunatoka kituoni, kabla hajalala, Kadogo aliniuliza yule mama wa kwenye picha, iliyo ukutani juu ya meza yako ya saa, ni nani. Alikuwa ameitazama siku zote zile na hakuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ni mama yako mkubwa, alifariki, basi. Nikaanza kusema hivyo. Halafu nikaona haitoshi.

Nikamwambia, "Huyo ndiye mtu wa kwanza kuambiwa kwamba umezaliwa."

Akauliza, "Alifurahi?"

Nikamwambia alicheka.

Shemeji yako,
Mama Kadogo